Kabla ya Kununua Kigari cha Mtoto, Itazame Njia

Tangu Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Daraja lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45, na kila upande lina njia ya waenda kwa miguu. Waliokulia Misungwi na Sengerema wanakumbuka hali ilivyokuwa enzi za kivuko: foleni iliyoweza kula saa mbili au zaidi, jua kali, abiria kushushwa kwenye basi, mama ana mtoto mgongoni, begi mkononi na mwingine wa miaka mitatu amemshika sketi. Leo Ghuba ya Mwanza inavukwa kwa starehe, na familia ya mjini inaweza kuamua Jumamosi asubuhi kwenda kupunga upepo ng'ambo na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Wazazi vijana wa Mwanza wameipokea nafasi hii kwa moyo mmoja. Wanapenda kutoka na watoto wao, kupanda miamba, kutembea kandokando ya ziwa, kwenda mwaloni kuona mitumbwi ya dagaa ikiingia. Ndipo linapokuja swali ambalo wazazi wao hawakuwa nalo: tununue kigari cha mtoto? Na si kile kidogo cha vigurudumu vya plastiki. Wanataka kile kikubwa, chenye matairi ya upepo na shokapu, kinachouzwa kwa ahadi kwamba kitapita kila mahali. Vinaonekana kwenye simu, vinaletwa na ndugu walio nje, na vingine vinapatikana kwa wauza mitumba.

Jibu langu ni kwamba njia ndiyo inayochagua chombo. Kwa familia nyingi za ukanda huu wa ziwa, chombo cha kwanza cha kumtembezea mtoto ni mbeleko, na kigari kinafuata. Anayenunua kigari akinunue kwa jicho la fundi baiskeli. Na sisi sote tuwadai wenye mamlaka njia ambayo gurudumu la mtoto linaweza kupita, kwa sababu hakuna kigari duniani kinachoruka mtaro.

Anza na ardhi yenyewe. Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na jina hilo mtu analielewa akiwa na mtoto mikononi. Nyumba za Igogo, Mabatini, Kirumba na Isamilo zimepanda vilima, na nyingi hazifikiwi na barabara. Unapanda kwa ngazi za saruji, halafu kwa njia nyembamba kati ya jiwe na ukuta wa jirani, halafu kwa mawe matupu. Ukishuka bondeni unakutana na udongo ambao Wasukuma waliupa majina zamani. Luseni ni mchanga mwepesi wa sehemu za juu, unaomeza gurudumu jembamba. Mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni, mgumu wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha unanata kwenye tairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Mwaloni kuna mchanga, kokoto na kamba za nyavu. Ndani ya matembezi ya nusu saa unaweza kukutana na vyote hivi.

Sasa angalia vigari vilikotoka. Mwaka 1733 msanifu William Kent wa Uingereza aliwatengenezea watoto wa Duke wa Devonshire kigari cha kuvutwa na mnyama mdogo, wazunguke nacho kwenye bustani za jumba lao. Mwaka 1965 mhandisi Owen Maclaren, aliyekuwa amefanya kazi ya magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, alibuni kigari chepesi cha kukunjwa kama mwavuli, kifae kwa wasafiri wa ndege na wakazi wa miji yenye njia laini za miguu. Miaka ya 1980 mkimbiaji Phil Baechler wa Marekani alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili akimbie na mwanawe, na hapo ndipo ukoo wa vigari vya matairi makubwa tunavyoviona leo ulipoanzia. Kila kimoja kilizaliwa na njia yake. Bustani ilizaa cha kwanza, kiwanja cha ndege kikazaa cha pili, barabara ya mazoezi ikazaa cha tatu. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa na ngazi za Igogo.

Chombo kilichozaliwa na njia zetu ni mbeleko. Nalisema hili kwa sababu naona baadhi ya mabinti wanaona haya kumbeba mtoto mgongoni wakiwa mjini, wakidhani khanga ni alama ya umaskini na kigari ni alama ya maendeleo. Wajue kilichotokea Marekani. Ann Moore, muuguzi aliyejitolea Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wakiwabeba watoto wao mgongoni na akaona jinsi watoto walivyotulia. Aliporudi kwao alimwomba mama yake amshonee kitu cha namna hiyo, wakaendelea kukiboresha, na mwaka 1969 akapata hataza ya mbeleko ya kushonwa iliyoitwa Snugli. Kutokana na kazi kama hiyo wapanda milima wa Ulaya na Amerika leo wanalipa fedha nyingi kwa kitu ambacho bibi zetu wanacho kwenye sanduku la nguo.

Sayansi nayo imesimama upande wa bibi. Mwaka 1986 madaktari Hunziker na Barr walichapisha utafiti wa Montreal, Kanada, ambako wazazi waliombwa kuongeza saa za kuwabeba watoto wao kila siku. Walipofikisha wiki sita, watoto hao walilia na kulalamika pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Mwaka 2015 madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi waliandika kwamba tatizo la nyonga za watoto wachanga kukaa vibaya ni nadra sana huko, wakalihusisha na desturi ya kubeba mgongoni, kwa kuwa miguu ya mtoto inapanuka na kuukumbatia mwili wa mama. Nyonga inayokua inahitaji mkao huo hasa: mapaja yamepanuka, magoti yapo juu kidogo ya makalio.

Lakini mbeleko ina masharti yake. Mtoto ambaye shingo haijakaza asifungwe mgongoni mahali ambapo mama hawezi kuuona uso wake. Abebwe mbele, kidevu kisigande kifuani, pua na mdomo viwe wazi. Mama asisogelee jiko la kuni au sufuria ya mafuta yanayochemka akiwa na mtoto mgongoni. Na bodaboda si mahali pa mbeleko. Ncha ya khanga ikiingia kwenye spoku au mnyororo, mama na mtoto wanaanguka pamoja, na mtoto mgongoni hana kinga yoyote. Safari ya pikipiki inayoweza kuepukwa na iepukwe, na isiyoepukika ianze kwa kuhakikisha hakuna kitambaa kinachoning'inia.

Kwa matembezi ya miamba, basi, mbeleko haina mpinzani. Chukua Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iliyo ndani ya jiji lenyewe, mwendo mfupi wa boti kutoka Capri Point. Ni mahali pazuri mno kumwonesha mtoto ndege, pimbi na mijusi wa rangi wakiota jua. Ila njia zake zinapita juu na kati ya mawe. Kufika na kigari cha kilo 14 pale ni kujipa kazi ya ukuli siku ya mapumziko.

Kigari kinahitajika lini? Kinahitajika mtoto anapokuwa mzito na mgongo wa mama unapoanza kulalamika. Kinahitajika kwa mapacha, kwa mama mjamzito mwenye mtoto mwingine mdogo, kwa bibi anayelea wajukuu na magoti yamechoka, kwa mzazi ambaye ulemavu au maradhi hayamruhusu kubeba. Kinahitajika pia kwenye joto la mchana, wakati miili miwili iliyofungwa pamoja inachemshana. Na kinamwingiza baba kwenye malezi. Kwa desturi zetu mwanamume kufunga mbeleko hadharani bado ni jambo la kutazamwa, ilhali kusukuma kigari hakuna anayemshangaa. Baba anayemsukuma mwanawe kwenye njia ya daraja, akimwonesha mitumbwi chini, anafanya kazi ya kulea sawasawa na mama. Kwa sababu hiyo peke yake sitawahi kukibeza kigari.

Ukishaamua kununua, usianze na rangi ya kitambaa. Anza na magurudumu. Tairi la upepo linameza mshtuko wa kokoto, na likiwa pana halizami upesi kwenye luseni. Vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu vinafaa sakafu ya duka. Kwenye barabara ya changarawe vinamtikisa mtoto na kukwama kwenye kila jiwe. Kigari cha magurudumu matatu kinageuka kwa urahisi, lakini hakikisha gurudumu la mbele linaweza kufungwa libaki limenyooka, maana likiachwa lizunguke kwenye njia mbovu linageuka ghafla na kukipindua chombo. Cha magurudumu manne yaliyoachana vizuri hutulia zaidi njia inapoinama upande mmoja, kama zilivyo nyingi za vilimani kwetu.

Halafu nenda kwa fundi. Usukuma ni nchi ya baiskeli, na chini ya mti fulani karibu na kila senta kuna fundi mwenye pampu, viraka na beseni la maji. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi la kigari unachokitaka, kwa kawaida inchi 12 au 16, umwulize kama ana mpira wa saizi hiyo. Akikuambia, "Mama, huu sina, labda uagize Dar," umejua kwamba mwiba mmoja utakilaza kigari chako kwa wiki kadhaa. Akikuambia mpira ni uleule wa baiskeli za watoto, umepata chombo kitakachoishi. Mwombe pia aangalie beringi na ekseli. Nati na bolti anaweza kuzibadilisha. Kipande cha plastiki cha kiwandani kikivunjika, hana cha kukifanyia.

Baada ya magurudumu, angalia breki. Breki ya mguu ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma, na kama unaishi mlimani tafuta kigari chenye breki ya mkono pia, ya kupunguzia mwendo kwenye mteremko. Pawepo na kamba ya kufunga kwenye kiganja cha anayesukuma. Huku ziwani kamba hiyo si pambo: upepo wa alasiri kwenye daraja lililo wazi unaweza kuisukuma kofia ya kigari na kukiondosha pale ulipokiacha ukipiga picha. Kijaribu kabla ya kumweka mtoto. Weka kiroba cha unga cha kilo 10 kwenye kiti, kifunge mkanda, kipeleke kwenye mteremko, funga breki, usimame ukikitazama. Kikisogea, kirudishe kwa aliyekuuzia.

Mkanda uwe wa pointi tano, yaani mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni pekee humwacha mtoto achomoke au ateleze chini. Kiti kiweze kulala tambarare kama mtoto ni mchanga. Na kama baba anataka kukimbia naye, asubiri angalau miezi sita mtoto awe na shingo imara, asome maelekezo ya mtengenezaji, na kwanza amwulize daktari.

Kwenye mitumba uwe mkali. Chunguza fremu kama ina ufa au kutu kwenye maungio. Vuta mikanda, iliyochanika au kupauka kwa jua imepoteza nguvu. Funga na kufungua bizimu la mkanda mara nyingi hapohapo mbele ya muuzaji. Kikunje na kukikunjua, usikie kama kitasa chake kinajifunga kwa uhakika, kwa sababu kigari kinachojikunja chenyewe humbana mtoto vidole. Mwisho kinyanyue. Vingi vya njia mbovu vina kilo 10 hadi 15 bila mtoto. Jiulize nani atakipandisha ngazi za nyumbani, na kama kikikunjwa kitaingia kwenye bajaji.

Kuna mambo ya nje ambayo muuzaji hatakuambia. La kwanza ni jua. Tuko nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, na kwenye daraja hakuna mti. Kofia ya kigari iwe ndefu ya kumfunika mtoto hadi miguuni, na kwa familia yenye mtoto mwenye ualbino hilo ni sharti la afya ya ngozi na macho yake. Lakini usiifunike nafasi iliyobaki kwa khanga. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima kigari kilichoachwa juani: joto la ndani lilikuwa nyuzi 22 bila kitambaa, likafika 34 nusu saa baada ya kufunikwa kwa kitambaa chepesi, na 37 baada ya saa moja. Hiyo ni Sweden. Kwetu tumia chandarua, kinachopitisha hewa na kuwazuia mbu jua linapozama, na panga matembezi ya asubuhi au jioni.

La pili ni moshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, wameonesha kwamba mtoto aliye kwenye kigari, akiwa chini ya mita moja kutoka ardhini, huvuta hewa chafu kuliko mzazi anayemsukuma, kwa kuwa ekzosi za magari ziko kimo chake. Ukifika barabara kuu yenye malori, mnyanyue. Hapo mgongo wa mama ni mahali safi zaidi. La tatu ni maji yenyewe. Ziwa letu ni zuri na lina kichocho. Kigari kiishie kwenye mchanga mkavu, na miguu ya mtoto isichezee kwenye maji yaliyotulia penye majani na konokono.

Nimeeleza ya mzazi. Sasa ya wenye mamlaka. Familia inayoweza kutembea juu ya daraja la kisasa kwa kilomita 3, ikishuka inakuta nini? Kwenye mitaa mingi ya Mwanza inakuta mtaro usio na mfuniko, pembezoni mwa barabara palipogeuzwa kituo cha bodaboda, ukingo wa saruji mrefu usio na mteremko, na kivuko cha waenda kwa miguu ambacho rangi yake imefutika. Mama mwenye kigari anashuka barabarani kati ya daladala, kwa sababu hana pengine pa kupita. Kigari cha bei kubwa hakimsaidii.

Wala tusidhani haya ni matakwa ya watu wachache wenye uwezo. Mteremko mmoja wa saruji kwenye ukingo wa barabara unampitisha mtoto kwenye kigari asubuhi, mtu mwenye kiti mwendo mchana, mzee wa mkongojo na mchuuzi wa mkokoteni jioni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inataka maeneo ya umma yafikike na kila mtu. Tukiitekeleza kwa dhati kwa ajili ya wenye ulemavu, watoto wetu watapata njia bila kutungiwa sheria yao. Daraja la J.P. Magufuli limeonesha kwamba tunaweza kumfikiria mtembea kwa miguu tangu kwenye michoro. Kilichobaki ni kuufikisha mpango huo mitaani.

Nawaomba Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), Jiji la Mwanza na halmashauri za Misungwi na Sengerema waanze na njia fupi zinazojulikana: kutoka kituo cha daladala hadi zahanati, kutoka shule hadi nyumbani, kutoka barabara kuu hadi mwaloni. Wafunike mitaro, waweke miteremko, warudishe pembezoni mwa barabara kwa wenye miguu. Na wewe mzazi, mfunge mwanao mbeleko bila kuona haya, umtoe nje akaone ziwa lake. Ukiwa na fedha ya kigari, kinunue baada ya kuipima njia yako na kumwona fundi wako. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda ukaidai barabara ya mtoto kwa jina lake.